Roli la Waya Kutoka Hotelini

Hesabu yenyewe ni ya mistari mitatu. Ninayo hapa, katika daftari la miraba nililokuwa nikiandikia mambo yangu nilipokuwa kidato cha tatu. Imeandikwa kwa penseli, na pembeni mwake pana doa la mafuta ya nazi, kwa sababu mama alikuwa akinisuka nywele huku mimi ninaandika. Wati mia sita. Gawanya kwa volti kumi na mbili. Ampea hamsini. Chini yake nimepiga mistari miwili, kama mwalimu wetu wa fizikia alivyotuzoesha tunapopata jibu, kisha nimeandika: Waya wa baba hautoshi.

Hilo niliandika. Kusema, sikusema.

Sasa nimemaliza kidato cha nne. Niko nyumbani Ukunda ninangoja matokeo, na sina kazi nyingi ila kuteka maji na kusoma madaftari yangu ya zamani. Nimeona afadhali niyaandike mambo haya kwa mpango, tangu mwanzo, maana katika daftari nimeyaruka mengi yanayonitia haya.

Baba alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na sare ya samawati yenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kifaa chake: koleo, bisibisi mbili, tepu nyeusi, na kile kibisibisi chenye taa ndani cha kupimia kama umeme upo. Tukipita njiani watu wakimwita "fundi". Hata imamu wa msikiti wetu alimwita fundi. Mimi nilidhani ndilo jina lake hasa, na lile lililoandikwa kwenye kitambulisho ni la serikali tu.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na saba. Baada ya zile fujo za Likoni wageni walikatika. Hoteli ikafunga vyumba vya upande wa bustani, ikafunga na vya upande wa bahari, mwisho ikaanza kupunguza watu. Baba aliitwa ofisini, akapewa barua, akapewa mkono, na meneja akamwambia kwamba stooni limebaki roli moja la waya, kama anapenda alichukue liwe kumbukumbu yake. Alilichukua. Alilibeba begani kwa miguu kutoka barabara ya pwani hadi Ukunda, njia ambayo watu hupanda gari, jua la saa nane. Mama alipolitazama alisema tu, "Karibu," kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu.

Lilikuwa waya mwekundu wa kufungia soketi, roli zima, bado limo ndani ya nailoni yake. Baba aliliweka chini ya kitanda. Mara kwa mara alilitoa akalipangusa vumbi, akanionyesha ncha yake.

"Tazama, mama. Shaba tupu hii. Haina mchanganyiko."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mamake.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kubahatisha. Mitaa yetu nyumba nyingi hazikuwa na umeme wakati ule, na waliokuwa nao waliwaita vijana wanaotengeneza na televisheni. Baba akawa anakaa barazani, analetewa pasi iliyokatika waya, baada ya wiki mbili analetewa nyingine. Nilianza kusikia watu wakimsalimia "mzee". Walikuwa wanamheshimu, sikatai. Lakini nilimwona kila mara alipoitwa hivyo alivyokawia kidogo kuitikia, kama mtu aliyesikia jina la jirani.

Ndipo mjomba alipoleta lile jambo la amplifaya.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mamangu. Alikuwa na pikapu kuukuu nyeupe aliyobebea nazi kutoka Msambweni. Wakati ule biashara ya nazi ilikuwa imelala pia, kwa hiyo akapata fikira kwamba gari litafute kazi nyingine: litie muziki, liwe linatangulia maharusi, na siku za chanjo litangaze mitaani. Huko Mombasa alikuwa amenunua amplifaya ya gari iliyokwisha kutumika, nyeusi, yenye mapezi ubavuni, pamoja na spika nne kubwa. Akaja nazo kwetu siku ya Ijumaa baada ya sala, akazishusha barazani mbele ya baba.

"Shemeji," akasema, "hizi nimeshindwa kuzipeleka kwa watu wengine. Wewe ndiwe fundi."

Baba alipiga magoti akaigeuza ile mashine, akasoma kilichoandikwa chini yake, akaigonga kwa ukucha. Kisha akanituma nimletee shati lake la sare.

Nililileta. Mama alikuwa amelitoa vifungo viwili akavitia kwenye nguo ya mdogo wangu. Baba alilivaa hivyohivyo.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiye wa kwetu hatajua kwa nini nilifanya nilivyofanya. Sisi ni Wadigo, na kwa Wadigo mjomba si mgeni wa kuja na peremende. Kwa mila ya zamani watoto walikuwa wa mjomba. Mali yake ndiyo waliyorithi, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Siku hizi tunafuata dini, na baba ndiye baba. Lakini mila ile haikutoka kabisa, imebaki kwenye mizaha. Mjomba akija humwambia baba, "Wanangu hujambo nao? Nilikupa uwalee tu, usijisahau." Baba hucheka. Nami tangu mdogo nilikuwa nikimtazama usoni anapocheka, na nilijua kicheko kile kinaishia mdomoni. Kwa hiyo mtoto kumkosoa babake mbele ya wageni wengine ni utovu wa adabu, lakini kumkosoa mbele ya mjomba ni kama kumwambia baba: kweli, sisi si wako.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na baba kwenye duka la vifaa vya gari hapa Ukunda, kununua vibanio vya betri. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, kofia ameigeuza kisogoni. Aliuliza mashine ni ya wati ngapi.

"Mia sita," baba akasema.

"Basi mzee, chukua hii." Akavuta kutoka nyuma yake waya mnene kama kidole gumba. "Na hii fyuzi inakaa hapa, karibu na betri. Usiiweke mbali, hivi tu, shibiri moja."

Baba aliupima ule waya kwa vidole, akatabasamu. "Kijana, huu ni wa kuvutia lori."

"Si lori, mzee. Hii amp inakula. Mi naona watu wakija wameunguza waya kila siku hapa."

"Waya ninao nyumbani. Nimeufungia hita za maji ya kuogea, kila moja wati elfu tatu. Elfu tatu. Volti mia mbili na arobaini. Wewe waniambia mia sita, na betri ya volti kumi na mbili ambayo hata ukiishika kwa mkono haikutikisi."

"Lakini stima ya gari na ya nyumba ni tofauti, mzee."

"Umeme ni umeme. Na fyuzi, mashine inazo mbili zake ubavuni. Ya tatu ya nini?"

Kijana akanyanyua mikono kama mtu anayeweka mzigo chini. Kisha akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa bado na sketi ya shule kwa sababu tulikuwa na masomo ya ziada asubuhi ile. "Haya, msichana, wewe si uko sekondari? Hebu mwambie mbuyu wako vile mnafunzwa." Mbuyu, kwa lugha ya vijana wa bara, ni baba.

Niliangalia vidole vya miguu yangu. Kimoja kilikuwa na udongo.

Baba akasema, "Mwanangu hana la kukwambia," bila hasira, akalipia vibanio, tukatoka. Njiani aliniuliza kama nina njaa.

Kwa kweli wakati ule sikuwa na hakika. Nilihisi tu. Muhula ule mwalimu wetu alikuwa amechukua uzi mmoja wa ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, akaufunga kwenye betri mbili za tochi, ukawaka mwekundu ukakatika. Darasa zima tulishtuka kwamba betri za tochi zinaweza kuchoma chuma. "Msitazame volti peke yake," alisema. "Tazameni ni kiasi gani kinapita, na kinapita mahali pembamba namna gani." Hilo ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani.

Jumapili, mama akinisuka, nilichukua daftari. Hita ya hoteli: elfu tatu, gawanya kwa mia mbili na arobaini, ampea kumi na mbili na nusu. Nikavuka ukurasa. Mashine ya mjomba: mia sita, gawanya kwa kumi na mbili. Hamsini. Nikarudia mara ya pili nikidhani nimekosea. Hiki kidude cha kuwekwa nyuma ya pikapu kitavuta mara nne ya hita ile, kupitia waya uleule. Na zile fyuzi mbili za ubavuni, ambazo nilikuwa nimezisoma barazani, kila moja ilikuwa imeandikwa ishirini na tano. Mashine yenyewe ilikuwa imesema hamsini, tena wazi, wala haikuhitaji mwanafunzi.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Fyuzi za ubavuni zinalinda mashine. Waya wote kutoka betri mpaka nyuma, unaopita kwenye tundu la bati, ungekuwa hauna mlinzi. Ukiguswa na bati tu, umeme wa betri nzima utamwagika hapo. Kwenye nyumba, fundi wa umeme ana bodi ukutani inayomkatia umeme ukizidi. Baba alizoea kuwe na bodi ukutani. Gari halina ukuta.

"Waandika nini?" mama aliniuliza.

"Kazi ya shule."

Jioni ile nilikata kipande cha karatasi nikaandika: Baba, shikamoo. Nimepiga hesabu, mashine itavuta ampea hamsini. Tafadhali tumia waya wa dukani na fyuzi karibu na betri. Nikakitia ndani ya mfuko wake wa vifaa, juu ya koleo, ili akione kwanza. Nililala vizuri. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, niliufungua ule mfuko nikakisoma tena, na mwandiko wangu ukaniudhi. Ulikuwa umenyooka mno. Ulionekana kama wa mwalimu anayemsahihisha mtoto, kalamu nyekundu tu ndiyo iliyokosekana. Nikakitoa. Nilikitafuna njiani nikakitema kwenye nyasi karibu na uwanja wa ndege.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuandika kingine kwa mwandiko mbaya.

Kazi ilifanywa Jumamosi iliyofuata, uani kwetu, asubuhi nzima. Baba alifanya kwa ustadi ambao hata leo siwezi kuusahau. Ule waya mwekundu aliulaza chini ya mkeka wa gari umenyooka kama uzi wa mwashi, akaufunga kila baada ya shibiri mbili, na pale unapotoka kwenye boneti kuingia ndani akautobolea tundu lake peke yake kwenye bati. Tundu lilikuwa na makali, akaliviringishia tepu. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akasema, "Fundi karudi," na baba akainamisha kichwa ndani ya gari zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anakula muhogo wa kuchemsha. "Shemeji, angalia usije ukanifungia taa ya bwawa la kuogelea. Wazungu watakuja kuogelea kwenye pikapu yangu."

"Wakija utawapikia muhogo huohuo," baba akajibu, na watu wakacheka. Ilikuwa miezi mingi sijamsikia akitania.

Wakawasha. Mjomba akatia kaseti ya taarabu, spika zikanguruma mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Watoto wakaanza kucheza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari, na niliona kwamba kila ngoma ilipopigwa, kitaa kidogo cha redio ya gari kilififia, kikarudi, kikafifia. Nikatia mkono chini ya mkeka nikaugusa waya. Ulikuwa na joto kama bakuli la uji.

Sijui mjomba alinionaje. Alikuja akatia mkono wake palepale.

"Shemeji, mbona waya wako wapata joto?"

"Umeme ukifanya kazi lazima upate joto. Hata wewe ukipanda mnazi hupati joto?"

"Mimi nina miaka mingapi sijapanda mnazi." Mjomba akanigeukia, sauti ya mzaha bado imo. "Basi tumuulize mwenye elimu. Mpwangu, wewe ndiwe unayesoma mambo haya. Joto hili ni sawa?"

Kaseti ilikuwa ikiendelea. Watu kama kumi walikuwa wakinitazama, nami sijawahi kupenda kutazamwa hata na mtu mmoja. Baba alikuwa akiipangusa koleo kwa kitambaa. Hakuinua uso. Alikuwa akiipangusa mahali pamoja tu, mara kwa mara, na ile sare yake isiyokuwa na vifungo viwili ilikuwa imefunguka tumboni.

Nikasema, "Baba anajua zaidi."

Mjomba akasema, "Haya, hukumu imetoka," akarudi kwenye muhogo wake. Baba akaitia koleo mfukoni. Alipopita karibu yangu alinigusa kichwa kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na nimeleta ripoti nzuri. Nilifurahi. Hilo pia ni kweli na lazima niliandike: nilifurahi mchana kutwa.

Harusi ya kwanza ilikuwa wiki mbili baadaye. Bwana harusi alikuwa wa hapa kwetu, bibi harusi wa Msambweni, na msafara uliondoka baada ya adhuhuri. Pikapu ilitangulia, imefungwa leso za rangi, mjomba usukani na baba kando yake, amevaa kanzu. Mjomba alikuwa amemwambia, "Ukae nami mbele, wakuulizao fundi ni nani wakuone." Nyuma ya pikapu walikuwa vijana wawili wa kushikilia spika. Mimi na mama tulikuwa kwenye lori la akina mama lililofuata.

Mpaka Mwabungu mambo yalikuwa mazuri. Watu walitoka majumbani, wanawake walipiga vigelegele, na muziki ulisikika kabla gari halijaonekana. Mama alinisukuma kwa kiwiko. "Wasikia kazi ya babako?"

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba sauti ilikuwa imeanza kulegea. Mwimbaji alikuwa kama mtu anayesinzia, anaamka, anasinzia. Walioko ndani ya lori walidhani kaseti imechoka. Mimi nilijua ni nini kilichochoka, na nilikuwa juu ya lori, nimebanwa katikati ya mashangazi, na hakuna namna ya kumwambia mtu yeyote.

Tulipokaribia Gazi pikapu ilienda upande, ikasimama kwenye nyasi. Moshi ulitoka chini ya boneti, mweupe kwanza, halafu mweusi. Muziki ukanyamaza. Vijana wakaruka. Mjomba alitoka upande wake akikimbia, lakini baba hakukimbia. Alizunguka mbele, akafungua boneti, na moto ukamtokea usoni. Wote walimpigia kelele aondoke. Aliingiza mkono akaushika ule waya mwekundu, ambao haukuwa mwekundu tena, akauvuta mpaka ukang'oka kwenye betri.

Watu wa Gazi walileta mchanga kwa makarai, na wanawake wakaja na ndoo. Hakufa mtu. Harusi iliendelea, waliobaki bila gari walipakiwa kwenye lori letu. Lakini pikapu iliungua mbele yote, na usukani ukayeyuka ukashuka chini.

Nimesema nitaandika ukweli. Niliposhuka lorini, kabla sijamtafuta baba, kabla sijajua kama ni mzima, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa: hamsini. Nilikuwa nimepata jibu. Ilikuwa nusu ya nukta tu, kisha nikamwona ameketi kwenye nyasi, kanzu nyeupe imekuwa na masizi, ameshikilia kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeokota kifaranga.

Mjomba alisimama mbele yake. Tulidhani atasema maneno makali. Alisema, "Twende hospitali, shemeji." Ndivyo tu, na njia nzima ya Msambweni hakutania. Afadhali angetania.

Alipokuwa akingoja kufungwa mkono, baba aliniita nikae naye kwenye benchi. Mama alikuwa ameenda kutafuta maji ya kunywa.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulijua?"

Hapakuwa na mtu karibu isipokuwa mzee mmoja aliyesinzia. Hapakuwa na mjomba, wala majirani, wala adabu ya kunizuia. Lilikuwa swali la baba kwa mwanawe.

"Hatujafika hapo," nikasema. "Ni kitabu cha kidato cha nne."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hata shule haijafika," akasema, na nikamwona amepata nafuu kidogo. Kwa hivyo sikuweza kulirudisha neno langu.

Mjomba aliuza mabaki ya lile gari kwa wauza vyuma. Sasa anapeleka nazi kwa baiskeli. Alikuja kwetu siku za Idi tu, akasalimia, akala, akaondoka, na ule utani wa wanangu na wanao haukusikika tena. Hapa mtaani watoto walimtungia baba jina, Fundi Moshi. Walilisema kwa mbali na kukimbia. Pasi zikaacha kuletwa.

Siku moja, muhula wa mwisho wa mwaka ule, nilikuta baba ametandika mkeka barazani. Juu yake palikuwa na kipande cha ule waya ulioungua, chenye urefu wa mkono, na lile roli lililobakia, na penseli yangu, na karatasi. Kiganja chake kilikuwa kimepona, lakini ngozi ilikuwa imevutika na vidole viwili havikunyooka.

"Keti," akasema. "Nataka nijue mahali nilipokosea. Usinifiche. Mashine ilikuwa wati mia sita. Waya ni huu. Niandikie."

Nilichukua penseli. Naapa nilikusudia kuandika polepole, nisite, nikune kichwa, nijifanye ninatafuta. Mkono ulikataa. Mia sita, kumi na mbili, hamsini. Elfu tatu, mia mbili na arobaini, kumi na mbili na nusu. Nikapiga mistari miwili chini. Nilipoinua macho, baba hakuwa akitazama karatasi. Alikuwa akitazama mkono wangu.

Mpita njia alitoa salamu, na baba akaitikia.

"Hesabu umeifanya haraka, mama," akasema.

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akalirudisha roli chini ya kitanda yeye mwenyewe, kwa ule mkono mbaya. Hakuniuliza tena siku hiyo, wala hajaniuliza mpaka leo.

Lakini tangu pale, akipata kazi yoyote, huniita. Na kuna jambo analolifanya kwanza ambalo mama hajalielewa, hudhani ni uzee. Wiki iliyopita jirani alileta pasi, ya kwanza baada ya muda mrefu, akaketi kuzungumza. Baba alimwambia aiache, aje baada ya alasiri. Akamsindikiza mpaka njiani. Akamtuma mdogo wangu dukani. Akamwomba mama akaangalie kama nguo zimekauka. Kisha akafunga mlango wa mbele, akakaa chini mkabala nami, akaiweka ile pasi katikati yetu.

"Haya," akasema. "Sasa hakuna mtu. Sema."